Mume Wangu Hakubatizwa

Niliolewa na mwanamke. Naliandika hili mwanzoni kabisa ili atakayecheka acheke sasa amalize, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha. Wajukuu wangu, waliosoma shule za bweni, huinamisha vichwa nikilitaja mbele ya wageni, kana kwamba nimewavua nguo. Mimi sioni haya. Aibu nilizozishuhudia maishani mwangu zilikuwa nyingine, na nyingi zilivaa viatu.

Desturi yenyewe si ngumu kueleza. Kwetu Wakipsigis, mwanamke aliyeolewa akakosa mtoto wa kiume, na umri wa kuzaa ukampita, anaweza kutoa ng'ombe wa nyumba yake akaoa msichana. Tangu hapo yeye ni mume. Watoto ambao msichana yule atawazaa na mwanamume wa ukoo aliyechaguliwa kwa kazi hiyo ni watoto wa yule mama, watarithi mifugo yake na shamba lake, na moto wa nyumba yake hautazimika. Hakuna kingine. Anayedhani kuna kingine, hayo ni mawazo yake.

Mume wangu alikuwa mjane, mrefu, mkavu wa mwili, mwenye ulimi wa pilipili. Mwanamume aliyemuoa yeye alikufa bila kupata mtoto kwake, na shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa ameanza kuitazama mifugo yake kama mtu anayetazama nyama ikiiva. Ndipo akaja kwetu, upande wa Siongiroi, na ng'ombe zake, akanichumbia. Siku ya arusi tulifungana nyasi ya segutiet mkononi, yeye wangu na mimi wake, mbele ya wazee. Kwetu nyasi hiyo ndiyo ndoa. Ikishafungwa, imefungwa. Watu hugombana, hupigana, hukimbiana miaka mingi, lakini kuachana hatuna. Hata neno lake sikuwahi kulisikia nilipokuwa mtoto.

Akanileta Boito. Mbele za watu nilimwita mume wangu kama ilivyopasa. Nyumbani nilimwita kogo, yaani nyanya, kama watoto wangu walivyokuja kumwita baadaye. Yeye aliniita mama watoto, hata kabla sijapata mtoto yeyote, na mwanzoni nilidhani ananikejeli. Hakuwa akinikejeli. Alikuwa anajikumbusha kwamba sasa kuna tumaini.

Nilipofika, msitu wa ng'ambo ya kijito ulikuwa bado unakatwa. Nilipomzaa mtoto wa pili, ng'ambo yote ilikuwa chai tupu, imekatwa usawa mmoja kama nywele za askari, na katikati yake laini za wafanyakazi, vijumba vya duara vimepangwa safu kwa safu. Wengi walitoka upande wa ziwa na nyanda za Magharibi. Niliwauzia maziwa na viazi vitamu, na huko ndiko nilikojifunza Kiswahili, kwa sababu mtu akitaka kukupunja kwa lugha usiyoijua, utajifunza upesi.

Kati ya wale wageni palikuwa na mtu mmoja wa ziwani aliyefanya kazi kwenye mashine ya kukausha chai. Jumapili alivaa kaptura safi, akasimama chini ya paa la nyasi mwisho wa laini, akahubiri. Tulimwita mwalimu. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema, maana nikianza kukasirika sitalisema.

Mke wake ndiye aliyetuunganisha. Alishikwa na uchungu wa uzazi, mtoto amekaa kiubavu, na wanawake wa laini wakaanza kulia kabla ya wakati. Mimi nilikuwa pale na kibuyu changu cha maziwa. Nilikimbia nyumbani nikamwambia kogo, kwa sababu kabla ya kunioa alikuwa mkunga anayejulikana. Tatizo ni kwamba mwanamume haingii nyumba ya mzazi, na yeye sasa alikuwa mwanamume. Tangu anioe alikuwa hajamshika mzazi hata mmoja. Alisimama mlangoni akifikiri, kisha akachukua siagi kidogo kwenye jani.

“Wale si watu wetu,” akasema. “Kwao mimi bado ni mwanamke.”

Alimgeuza yule mtoto kwa mikono miwili, polepole, akimsemesha mama yake kwa lugha ambayo mama yake hakuijua. Wote wawili wakapona. Mwalimu alipotaka kumpa shilingi, kogo aliifumbata ngumi yake mwenyewe mgongoni, asije akaipokea kwa bahati mbaya. Badala yake akaniambia nimuulize mwalimu ni maneno gani yale anayoyapigia kelele kila Jumapili hadi ng'ombe wetu wanasimamisha masikio.

Ndivyo tulivyoingia kanisani, yeye kwa udadisi na mimi kwa kuwa mkalimani wake. Tuliketi nyuma, juu ya gogo. Mwalimu akisema, nami namnong'oneza. Wiki za kwanza alikuwa anacheka kimoyomoyo, hasa akisikia habari za watu waliokula nzige kwa hiari yao, maana sisi mwaka mmoja nyuma nzige walikuwa wametula sisi. Kisha siku moja mwalimu akasema kwamba huko mbinguni watu hawaoi wala hawaolewi.

Nilimtafsiria. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

“Kwa hiyo huko,” akasema, “mtu akifika, haulizwi watoto wake wako wapi?”

“Sidhani.”

“Muulize.”

Nikasimama mbele ya watu wote nikamuuliza mwalimu. Akajibu kwamba huko hakuna tasa wala mzazi, wote ni watoto wa baba mmoja. Mtu ambaye hakuishi kama kogo hawezi kujua jibu lile lilimwingia vipi. Huyu mama alikuwa ameulizwa swali lile tangu ujana wake, sokoni, kisimani, kwenye ngoma, na wakwe, na wake wa shemeji zake, na hata vitoto vidogo vilivyotumwa na mama zao. Aliolewa kwa ajili ya swali lile na akanioa mimi kwa ajili ya swali lile. Sasa anaambiwa kuna mahali halipo. Aliamini. Sijaona mtu, kabla wala baada yake, askofu wala shemasi, aliyeamini kama alivyoamini yeye. Alikuwa akiamka asubuhi akiangalia ukungu juu ya chai kana kwamba nyuma yake kuna mji.

Tuliandikishwa darasa la ubatizo sote wawili. Hapo ndipo tulipofundishwa kwamba mtu haokolewi kwa mema anayoyatenda. Mwalimu alilirudia sana jambo hili, kwa sababu mzungu wa misheni, aliyetujia kila baada ya miezi kadhaa kwa pikipiki, ndilo alilolipenda kuuliza. Ukimlisha mwenye njaa, hujaokoka. Ukimzalisha mke wa jirani, hujaokoka. Mema yako yote mbele za Mungu ni kama nguo chafu, na kinachookoa ni kuamini peke yake.

Wanawake wengine wa darasa walilipinga, maana walikuwa na mema mengi waliyotarajia yahesabiwe. Kogo hakulipinga. Alilipenda. Alisema mtu akipewa kitu kwa sababu ya kazi yake, hiyo si zawadi, ni mshahara, na yeye hajawahi kufanya kibarua kwa mtu.

Kisha mwalimu akaja nyumbani kutuona kabla ya mtihani, akakaa kwenye kigoda, akakataa mursik, na kwetu mgeni akikataa maziwa ujue ana jambo.

“Mama,” akaanza, “hii maneno si yangu. Imetoka juu. Wamesema hawezi kubatizwa mtu mwenye kuoa mwanamke mwenzake. Na huyu mama kijana, naye anazaa na mtu ambaye si bwana yake. Hiyo ni dhambi mbili kwa nyumba moja.”

“Wanataka nifanye nini?” kogo akauliza, nami katikati, nikitafsiri habari za kufukuzwa kwangu mwenyewe kama mtu anayesoma bei ya mahindi.

“Amrudishe kwao. Na watoto.”

Kogo alikuwa mtu wa kuzungusha jambo mdomoni kabla ya kulitema.

“Mwambie hivi. Alinifundisha kwamba kazi haziokoi. Nikakubali. Mbona sasa ananipa kazi?”

Mwalimu akapangusa uso. “Hii si kazi ya kuokoka, mama. Hii ni kuacha dhambi. Mtu akiamini kweli, ataacha. Asipoacha, basi hajaamini.”

“Kuacha ndiko kazi kuliko zote,” kogo akasema. “Kumzalisha mke wake kulikuwa kazi ndogo.”

Nilitafsiri yote, hata hilo la mwisho. Mwalimu aliinama akaangalia miguu yake. Mtoto wake alikuwa ameanza kutembea wakati ule. Fadhila za punda ni mateke, ndivyo nilivyowaza, na nilimchukia sana siku ile. Lakini alirudi kesho yake peke yake, akanivuta pembeni ya zizi.

“Mzungu hajui watu wa nyumba hii,” akaninong'oneza. “Akiuliza, mama aseme wewe ni mke wa kijana yake. Kijana alienda mbali na hajarudi. Basi, itaisha.”

Nilijua alichohatarisha kwa kunipa uongo ule. Nikaupeleka kwa kogo mbio, nikiwa na furaha. Aliusikiliza wote.

“Kijana wangu yupi?” akauliza.

“Ni maneno tu, kogo.”

“Nimdanganye Mungu kwamba nina mtoto? Yeye ndiye aliyeninyima. Katika mambo yote ya duniani, hilo ndilo analolijua kuliko mtu mwingine yeyote.”

Huo ukawa mwisho wa uongo.

Tungeweza kuendelea hivyo miaka, tukikaa nyuma juu ya gogo, kama isingekuwa ugonjwa. Ulianza kama uvimbe kwenye titi, mgumu kama punje ya mahindi makavu, na ulipofika mwaka ukawa umepasuka. Alikuwa mkunga, hakuhitaji kuambiwa. Aliacha kuzungumzia msimu ujao wa wimbi. Akawa anaulizia mambo ya moto: kama ni kweli asiyebatizwa huenda motoni, na kama moto ule huzimika. Nilimuuliza mwalimu kwa niaba yake, nikitumaini atasema kitu cha katikati. Alisema alivyofundishwa.

Wakati huo huo shemeji yake kogo alianza kutupitia mara kwa mara. Mtu huyu hakuwahi kukanyaga kanisani hata kuomba maji, lakini ghafla aliipenda injili kupita kiasi. Alikaa karibu na mgonjwa akamwambia kwamba jambo la roho si la kuchezewa, kwamba wazungu wana elimu, na kwamba mtu mzima asife na mzigo. Nikiondoka mimi na wanangu, nyumba ingebaki haina mrithi, na ng'ombe wangerudi kwa ndugu wa marehemu, yaani kwake. Kogo alimsikiliza akiwa amefumba macho. Alipoondoka akasema, “Huyu hata akiniombea dua anaangalia zizi.”

Lakini maneno mengine humwingia mtu hata yakitoka kinywani mwa fisi. Ilikuwa imetangazwa kwamba mzungu anakuja kubatiza. Kogo aliniita asubuhi moja, mwanangu mkubwa akiwa nje na ndama, binti yangu mdogo mgongoni kwangu.

“Mama watoto,” akasema, “naogopa.”

Sikuwahi kumsikia akisema neno lile. Nilitaka kumwambia mambo mengi, kwamba watoto hawa ni wake, kwamba bila zizi lake hawana kwao. Aliyajua yote. Aliwatoa ng'ombe wake kwa ajili ya hayo hayo. Alilia bila sauti, akinitazama moja kwa moja, na mimi nilikasirika hata meno yakaniuma. Nilimkasirikia mwalimu na mzungu na Mungu wao. Yeye sikuweza kumkasirikia. Nilifunga nguo zetu, nikampa maji karibu na kitanda, nikaondoka na watoto.

Kutoka Boito kwenda kwetu unashuka kutoka baridi hadi joto, unaiacha chai, unapita mashamba ya wimbi, hadi unaingia miti ya miiba ya Chepalungu. Tulilala njiani kwa watu. Mwanangu aliuliza kama kogo atakuja na sisi, kisha akaacha kuuliza. Tulipofika, baba yangu alikuwa anatengeneza lango la boma. Alinisalimu, akawasalimu watoto, akasikiliza habari yote amesimama, bila kuweka chini mti aliokuwa ameushika.

“Alikupiga?” akauliza.

“Hapana.”

“Alikunyima chakula?”

“Hapana.”

“Basi hujaachwa,” akasema. “Hakuna kitu kama hicho. Nyasi ilifungwa mbele yangu. Hao watoto si wangu, ni wa boma la huko, nikiwaingiza hapa nitakuwa mwizi wa watoto wa watu. Rudi kwa mume wako, mwanangu.”

Hakusema kwa ukatili. Kwake nilikuwa kama mtu aliyekuja kumwambia jua limechomoza magharibi. Nilimweleza habari za ubatizo, akaniambia wageni wana haki ya kuwa na desturi zao. Mama yangu alitupa maziwa kupitia uwazi wa ua, tukanywa tumesimama nje, naye analia. Lango nililozaliwa ndani yake sikulivuka. Kanisa lilisema siwezi kukaa Boito, na wazazi wangu wakasema siwezi kukaa mahali pengine popote. Mwenye macho haambiwi tazama: niliona kwamba duniani nimebakiwa na mlango mmoja, na mlango huo ukifunguka, mtu aliye ndani yake ataungua milele.

Tulirudi. Kwa nini nisirudi? Watoto wangekula wapi? Tulipofika kwenye mteremko wa Boito ilikuwa alasiri, saa ile mvua ya kwetu huanguka kila siku, na siku hiyo ilikuja na mawe. Mawe yale huchana majani ya chai kama wembe. Nilimfunika binti kwa mwili wangu, mwanangu akajifunika kikapu kichwani, tukafika nyumbani tunavuja maji na yeye ana damu kwenye sikio.

Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani nilisikia sauti za kuimba. Mwalimu na kina mama wawili wa kanisa walikuwa wamekuja kumtayarisha kogo, maana ubatizo ulikuwa kesho yake. Sikubisha. Naapa sikubisha. Nilisimama na watoto chini ya ukingo wa paa la ghala, nikingoja wageni waondoke ili nifikirie la kufanya. Ila mwanangu alikuwa mtoto, hakujua siasa za mbinguni, akaita, “Kogo, tumefika.”

Kuimba kulikatika. Nilisikia mwalimu akisema kitu, taratibu, na mmoja wa kina mama akasema, “Mama, usifungue. Ni kesho tu. Vumilia mpaka kesho.” Kisha nikasikia mawe tu yakipiga paa. Kuna muda nilidhani hatafungua, na nakiri kwamba katika muda ule nilimwombea asifungue. Nilitaka apate mji wake. Nilikuwa nimeloa, mtoto ananitetemekea mgongoni, na nilimwombea.

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa ameshika nguzo kwa mkono mmoja, titi limefungwa kitambaa, uso wake umekuwa wa majivu. Aliwatazama watoto, akamtazama mwanangu sikio.

“Ingieni mkaote moto,” akasema. Kisha akawageukia wale watatu. “Nanyi sogeeni, hawa wamelowa.”

Kesho yake alitaka kwenda kanisani hivyo hivyo. Nilidhani atanyamaza na kupita, maana mwalimu alikuwa amemwambia kwamba hatasema alichokiona isipokuwa akiulizwa. Tulimshika mikono, mimi na mke wa mwalimu. Waliokuja kubatizwa walisimama mstari, na mzungu akawa anauliza mmoja mmoja kwa Kiswahili chake cha kutafuna. Alipofika kwake akasoma karatasi, akauliza, “Wewe naamini?”

“Ninaamini,” kogo akajibu. Hilo alikuwa amejifunza kulisema kwa Kiswahili.

“Wewe nasha fukuza ile mwanamke?”

Nikamtafsiria. Mwalimu aliangalia pembeni. Angeweza kusema ndiyo tu, na lisingekuwa uongo kabisa.

“Mwambie nilimfukuza,” akasema. “Kisha nikamfungulia.”

“Atafukuza tena?”

“Hapana.”

Mzungu hakukasirika. Natamani angekasirika. Alimwekea mkono begani, akasema kwa huzuni kwamba moyo wake bado haujaamini sawasawa, aende akaombe, atakuja tena. Kisha akasogea kwa aliyefuata. Tulimtoa nje, akakataa kurudi nyumbani. Alikaa kwenye majani yaliyoloa, karibu na ukuta wa fito, akisikiliza wenzake wakiitwa kwa majina mapya na maji yakimwagwa. Walipomaliza akaniuliza, “Wamekwisha?” Nikamwambia wamekwisha. Akasema twende.

Mzungu hakumkuta tena. Kuanzia hapo ilikuwa ni kufa tu, na kulichukua muda mrefu. Harufu ilikuwa ya kumfanya mtu atoke nje. Kina mama wa kanisa waliacha kuja. Nilimwosha mimi, nikamlisha mimi. Watu wa sasa wakisikia habari hii hupenda kuniambia kwamba bila shaka alikufa kwa amani, akijua ametenda jema. Wananikasirisha. Hakufa kwa amani. Aliamini, hilo ndilo hawataki kuelewa. Kila alichofundishwa alikiamini hadi mwisho, na pamoja nacho aliamini moto. Alikuwa akinishika mkono akiniuliza kama mtu huuzoea. Nilimwambia huko hakuna moto kwa mtu kama yeye, akaniambia nisimfanye mtoto.

Mwalimu alikuja mara moja, akapiga magoti kwenye majivu, akamwambia kwamba labda Mungu ana njia nyingine ambayo mzungu haijui. Nilitafsiri kwa moyo wote.

“Labda si neno alilonifundisha,” akajibu. “Mwambie ninamshukuru. Lakini asinidanganye kwa kunihurumia.”

Siku zake za mwisho aliniagiza jambo moja. Alisema akishakufa mimi nitakuwa mjane, sitakuwa mke wa mtu, sitakuwa na kizuizi. Niende nikabatizwe. “Mmoja wetu afike,” akasema. Nilikataa, akanitazama kwa yale macho ya mume ambayo hakuwa ameyatumia kwangu tangu augue, nikakubali.

Alikufa asubuhi, watoto wakiwa nje. Enzi zile wengi wa watu wetu bado walilazwa porini, fisi wakafanya kazi yao, na hakuna aliyeona ubaya. Shemeji yake alikuwa tayari anatafuta ngozi ya kumfunikia. Lakini mwalimu alikuja na jembe la kampuni ya chai alilolichukua bila kuuliza. Makaburi ya kanisani yasingempokea, na mwalimu kwa sheria yake hakuruhusiwa kumwombea asiyebatizwa. Alichimba nyuma ya nyumba yetu, peke yake, mvua inamnyeshea, na alipomaliza aliingia shimoni akampokea mikononi mwake, akamlaza. Hakuomba. Alipofukia alikaa juu ya udongo, akiwa na tope hadi kifuani, mpaka king'ora cha kiwandani kilipolia akaondoka.

Mwanangu alirithi. Mifugo ilibaki. Shemeji wa kogo aliacha kuipenda injili.

Nami nilitii. Mzungu alipokuja tena nilisimama mstarini, mwalimu kando yangu kuniongoza. Niliulizwa ni nini kinachomwokoa mtu, nikajibu imani peke yake. Niliulizwa kama kuna mema yoyote niliyoyatenda ninayoyategemea, nikajibu hakuna. Mzungu akatikisa kichwa kwa furaha, akaangalia karatasi yake.

“Hapa naandikwa iko kizuizi nyumbani.”

“Amekufa,” nikasema.

Alipiga mstari kwa kalamu. “Mungu asifiwe,” akasema, na najua hakuwa na nia mbaya, lilimtoka kwa mazoea. Mwalimu aliyekuwa kando yangu alitoka nje, na hakurudi hadi ibada ikaisha. Mimi nikainamisha kichwa, nikamwagiwa maji.

Nimekuwa mkristo tangu wakati ule. Nimeomba mvua na nimeomba afya ya wanangu, nimeomba ng'ombe azae salama, na mengi nimepewa. Kwenda mbinguni sijawahi kuomba. Naogopa nisije nikajibiwa.